Mkono wa Jermena Manga

Jumamosi, 5 Julai

Sista Agnesi wa bweni ametuagiza kila mmoja ajiandikie likizo yake ya mvua, naye hataisoma, hata asiye na la kuandika. Mimi ndiye huyo asiye na la kuandika. Nimefika Esaluk, kijijini kwetu, jana jioni na mfuko wa nguo na mfuko wa vitabu. Mama alipokea wa nguo. Ule wa vitabu aliutazama tu, akasema, "Na hawa nao wamekuja kupandikiza mpunga?"

Mvua haijakatika tangu hapo.

Jumanne, 8 Julai

Tumepeleka samadi majaruba ya chini. Mgongo.

Jumapili, 13 Julai

Baada ya Misa, Dada Klotilda, kiongozi wa kwaya yetu, alinitaka nisome somo la kwanza Jumapili ijayo. "Wewe si ndiye msomi wetu wa mjini? Sabina, hebu tusikie hicho Kifaransa." Nikamwambia koo linaniuma.

"Linakuuma leo au litakuuma Jumapili ijayo?"

Kwaya nzima ikacheka. Nami nikacheka. Halafu nikaenda nyuma ya sakristia, palipo na mabenchi mabovu, nikalia.

Niandike na hili, maana hapa hasomi mtu. Kutoka kwetu mtaa wa Katama kwenda kanisani, njia fupi inapita mtaa wa Bulubu, kando ya kisima, ambako wasichana wa Bulubu hukaa wakisukana. Mimi hupita njia ya nyuma, ya michikichi. Ni ndefu, na siku za mvua maji yanafika magotini. Nimepita huko tangu nikiwa mdogo. Hakuna msichana wa kisimani aliyewahi kunifanya lolote. Wananitazama, basi.

Jumamosi, 19 Julai

Wasichana wa Katama wameanza mazoezi ya mieleka jioni, wakitoka shambani. Binamu yangu Ernestina ndiye tegemeo letu mwaka huu. Ana shingo kama kisiki. Mimi hushika nguo zao na kusoma. Ernestina akimwangusha mtu huniuliza, "Umeona?" Nasema nimeona, nikiwa sijaona.

Ijumaa, 25 Julai

Kung'oa miche. Mvua. Kung'oa miche.

Jumapili, 3 Agosti

Leo pia somo la kwanza alisoma Gaspari, mtoto wa katekista, na alikwama mara nne. Hakuna aliyekufa.

Ijumaa, 15 Agosti. Kupalizwa Bikira Maria

Sijui nianzie wapi. Mwandiko huu hata mwenyewe siutambui.

Misa ilikuwa nzuri, kanisa lilijaa hadi nje. Tulitoka moja kwa moja kwenda uwanjani, kama kila mwaka, kuona wasichana wakichaguana kwa ajili ya Siku ya Mfalme mwezi ujao, mieleka ya vijiji vyote mbele ya Mfalme wetu. Katama tunakaa upande jua linakotoka, Bulubu wanakaa ng'ambo. Ngoma inapigwa, msichana anavuka uwanja akicheza, anakuja mbele ya yule anayemtaka, anamnyooshea mkono. Ukiupokea, umekubali kupigana naye Siku ya Mfalme. Humtaki, unausukuma mkono chini kwa kiganja, anahamia kwa mwingine, wala hakuna ubaya. Mtoto wa miaka mitano anajua hivyo. Mimi najua hivyo.

Jermena Manga wa Bulubu alivuka. Huyu mwaka jana aliangusha wasichana wa vijiji vitatu. Ernestina alikwisha kuchukuliwa na mwingine. Wa kwanza wetu akausukuma mkono wa Jermena. Wa pili akausukuma. Wa tatu akasema, "Nenda zako, mie nataka kuolewa nikiwa mzima," watu wakaangua kicheko. Kisha Jermena akafika mwisho wa mstari, nilipokuwa nimekaa na sare yangu ya kwaya na nguo za wenzangu mapajani. Akatabasamu. Ulikuwa utani, kila mtu aliona kwamba ni utani. Akaninyooshea mkono.

Watu wote walikuwa wananitazama. Watu wanaponitazama kichwa changu kinakuwa cheupe kama ukurasa. Asubuhi nzima kanisani nilikuwa nimepokea mikono ya watu, tukitakiana amani. Nikasimama, nikaushika mkono wa Jermena kwa mikono yangu miwili, nikasema, "Amani ya Kristo."

 Ngoma ilinyamaza. Halafu kicheko ambacho nadhani kilisikika ng'ambo ya mto. Wazee walicheka hadi wakafuta machozi. Jermena mwenyewe alibaki mdomo wazi, akatazama mkono wake, akasema taratibu, "Haya. Na iwe nawe pia."

Jumamosi, 16 Agosti

Sijatoka nje. Watoto wamepita barabarani wakiimba:

Amani, amani, mtoto wa kwaya,
kamshika Jermena akadhani padre!

Wimbo mmoja, tangu asubuhi. Mwishoni Baba naye alikuwa anaupiga kwa mluzi huku akinoa kisu chake cha kugemea. Nilipomtazama akaacha.

Jumapili, 17 Agosti

Sikwenda kanisani. Nilisema koo.

Mchana Mama akamkamata yule tetea wa kahawia akamfunga miguu. "Vaa, twende Bulubu kwa mama yake Jermena. Tutasema mtoto hakujua alichofanya. Tutaacha kuku na chupa ya tembo, mambo yatakwisha."

"Tembo lipo," akasema Baba.

"Kuku huyo anataga," akasema Bibi Alandiso. Bibi ni mama yake Baba. Hajabatizwa, na Padre akimgusia hujibu kwamba maji ya kichwani anayapata ya kutosha kwenye mpunga.

Nikavaa. Nikafika mlangoni. Nikajiona nikitembea nyuma ya Mama katikati ya Bulubu, kuku akilia njia nzima, tukipita kisimani. Nikajiona mwaka ujao, na mwaka mwingine: yule wa kuku, si huyo anapita?

"Mwachie, Mama."

"Nimwachie nani?"

"Kuku. Nitapigana."

Mama alinitazama kana kwamba nimeongea Kichina. Bibi alicheka hadi akakohoa. "Mikono hiyo?" akasema. "Mikono ya kufungulia vitabu?" Kisha akanishika bega kwa vidole vyake vigumu, kama anavyokagua mbuzi sokoni. "Miguu si mibaya. Amebeba samadi."

Nakiri hapa: haukuwa ushujaa. Nilimwogopa kuku kuliko Jermena.

Jumatano, 20 Agosti

Nimeanza. Naamka jogoo wa kwanza, nasali, nakimbia juu ya matuta ya nyuma, kwenye mikoko, ambako haji mtu. Utelezi. Nimetumbukia mara mbili. Kisha kupandikiza mpunga kutwa. Jioni Ernestina ananifundisha nyuma ya ghala la Bibi. Nimemwomba iwe huko ili watu wasione.

"Utapigana mbele ya kijiji kizima," akasema, "lakini mazoezi unataka usionwe?"

"Ndiyo."

"Haya, malkia wa ghala. Inama. Chini zaidi. Unainama kama mtu anayetafuta sindano."

Ijumaa, 22 Agosti

Kila kitu kinauma, hata masikio, sijui kwa nini.

Jumatatu, 25 Agosti

Mvua imetusimamisha siku nzima, nikaweza kufikiri. Nimejiuliza kwa nini naendelea, maana sasa naweza kuugua na kila mtu atanielewa. Nimepata jibu moja tu. Mungu alinipa mwili huu na sijawahi kuutumia kwa hiari yangu. Nimekuwa nikiuficha kama sahani iliyopasuka mbele ya wageni. Nikishindwa kusimama uwanjani nikiwa na miguu miwili mizima, nitasimamaje siku nitakayoulizwa jambo kubwa zaidi?

Nimeamua pia kufunga. Sili mchana. Sijamwambia mtu. Chakula changu nampa mbwa.

Jumapili, 31 Agosti

Baada ya mazoezi ya kwaya Dada Klotilda alifunga mlango.

"Sabina, nimesikia bado unataka kwenda kule uwanjani. Nilidhani ni utani wa watoto. Msichana wa kwaya, mapaja nje, shanga kiunoni?"

Nilikuwa nimejiandaa. Nikasema kwa sauti ndogo kwamba hata Yakobo alipigana mieleka.

"Usiniletee Yakobo. Yakobo hakuvaa shanga."

 Wengine walikuwa wanauma midomo wasicheke.

"Chagua, mdogo wangu. Uwanja au sare hii. Nakwambia kwa upendo."

Naamini ni kwa upendo. Hilo ndilo baya lake. Angekuwa na chuki ningemjibu. Nikavua sare, nikaikunja kama tulivyofundishwa, kola juu, nikaiweka mezani.  Nikatoka, nikashika njia ya michikichi.

Natamani ningesema: Dada, kwenye mpunga tunapandisha nguo hadi mapajani mbele ya kijiji kizima na hakuna aliyewahi kufunga mlango. Maneno mazuri hunijia nikiwa nimefika nyumbani.

Jumatatu, 1 Septemba

Mvua. Nimekimbia. Sijala mchana. Nimeacha na chai ya asubuhi.

Jumanne, 2 Septemba

Nimekimbia mara mbili. Ernestina anasema nimekuwa mwepesi, kisha akanisukuma kwa mkono mmoja nikaketi.

Alhamisi, 4 Septemba

Jana nimezimia jarubani. Naandika nikiwa kitandani, Mama ameniruhusu baada ya kuninyang'anya kila kitu kingine.

Tulikuwa mstari mmoja, wanawake kumi au zaidi, tunapandikiza na kuimba. Nakumbuka niliona miche yangu inakwenda mbali, kama mtu anaivuta kwa kamba. Kisha nikajikuta chali kwenye tuta, matope mdomoni, na uso wa Bibi ukiziba anga.

"Huyu amekula nini leo?"

Nikasema wali.

"Wali gani? Mbwa amenenepa. Nilidhani ana mimba, kumbe ana mfadhili!" Akageuka kwa wanawake wenzake. "Jamani, mliobatizwa, hebu niambieni. Huyo Mungu wenu ndiye anakula chakula cha mchana cha mtoto? Maana kama si yeye anayekula, analishwa mbwa!"

Walinibeba. Nilipitishwa katikati ya Bulubu, kando ya kisima, mchana kweupe, mgongoni mwa shangazi yangu, matope tupu. Nilifumba macho nikidhani wao nao hawataniona.

Jioni Padre Hyasinti akaja na pikipiki yake, viatu mkononi kwa sababu ya maji. Akaomba kiti, akaketi, akakubali kikombe cha tembo cha Baba, akaniuliza nimefunga kwa ajili ya nini.

"Kuutiisha mwili, Padre."

"Vizuri. Nao umetii?"

"Umezimia."

"Basi umegoma." Akanywa. "Sikiliza, Sabina. Kufunga ni kumpa mwingine nafasi yako mezani. Umempa nani?"

Nilitaka kusema Mungu. Lakini kwa Padre siwezi kudanganya, hata nje ya kitubio.  Nikasema, "Nilitaka nikianguka watu waseme, angalau alikuwa mtakatifu."

Padre alicheka hadi tembo likamwagika kwenye kanzu. Nilitamani ardhi inimeze. Halafu na mimi nikacheka, kidogo, kwa sababu ni kweli, na kwa sababu ukweli huo ukisemwa kwa sauti unachekesha.

"Umewakaribisha watu wa Esaluk wote mezani pako," akasema, "wamekula chakula chako, na Mungu amesimama mlangoni na mvua hii. Kula wali, mwanangu. Kula na samaki. Nidhamu yako ndiyo hiyo: ule mchana, mbele ya watu, upate nguvu ya kufanya ulichosema utafanya."

Kisha akasema amesikia habari za sare, na kwamba atazungumza na Klotilda.

"Usizungumze naye, Padre. Nitakaa benchi la nyuma."

Sijui hayo maneno yalitoka wapi. Hayakunijia nikiwa nimefika nyumbani. Yalikuja palepale.

Jumapili, 7 Septemba

Benchi la nyuma, kati ya mama mwenye mapacha na mzee anayekoroma. Niliimba moyoni tu.

Jumatano, 10 Septemba

Nakula. Bibi anakaa mbele yangu hadi sahani iishe. Wali, mawese, chaza, samaki wa kukausha. Nikimaliza ananipeleka nyuma ya ghala, anaketi juu ya kinu kilichopinduliwa na kutukana. Anasema enzi zake hawakushikana hivi tunavyoshikana. Ernestina anasema enzi za Bibi sheria zilikuwa nyingine. Wanagombana wao wawili, mimi nashikilia mguu wa Ernestina nikisubiri waelewane.

Leo nilimwangusha Ernestina. Mara moja, na alikuwa anamjibu Bibi. Lakini alianguka.

Jumamosi, 13 Septemba

Mvua inapungua. Mpunga wa mwanzo umeanza kubeba.

Ijumaa, 19 Septemba

Kesho.

Leo wasichana wa Katama walikwenda msituni, kwenye madhabahu ya mababu, kunywa na kunawa kabla ya mieleka. Nimeishi na jambo hili wiki nzima bila kuliandika, nikiogopa hata karatasi. Nilikwisha kuamua kwamba sitakunywa wala kunawa. Si kwa dharau. Bibi huenda huko, na Bibi nampenda. Ila mimi nilinawa mara moja, nikiwa mchanga, na hiyo inanitosha. Lakini nilijua watakachosema: huyu msomi anatuletea nuksi.

Nilitayarisha hotuba. Nilikuwa na mambo matatu ya kusema, kwa heshima. Tukafika kwenye kingo za msitu, nikamwendea yule mama mzee mwenye kulinda mahali pale, nikaanza: "Bibi, naomba unisikilize, mimi kama Mkristo..."

"Huingii?"

"Siingii, Bibi, kwa sababu..."

"Haya. Shika basi hizi nguo za wenzako zisilowe."

Akaingia. Hotuba yangu nikabaki nayo. Nilikaa juu ya gogo na nguo mapajani, nikasali Rozari kwa sauti ya kawaida. Waliporudi, Ernestina, maji yakimchuruzika, aliniuliza kwa nini nina sura ya mtu aliyeporwa.

"Nilidhani watanikasirikia."

"Sabina, unadhani watu tumekaa tunakuwaza wewe? Mie nina mpinzani kesho mwenye kichwa kama nyundo. Tumbo linaniuma tangu juzi. Nakuwaza saa ngapi?"

Nimecheka njia nzima. Lakini niliporudi nyumbani nilifikiria: miaka yote ya maji ya magotini kwenye ile njia ya nyuma.

Jumamosi, 20 Septemba. Siku ya Mfalme

Naandika kabla jua halijazama, nisije nikasahau au nikapamba.

Mfalme alifika na joho lake jekundu, akaketi kwenye kigoda chake. Watu wa vijiji vyote. Wasichana wadogo walianza, kisha rika letu. Nilivaa kama wote: kitambaa kilichofungwa kiunoni kama kaptula, fulana isiyo na mikono, shanga za Bibi zikiwa zimepita kifuani. Mapaja nje. Upepo ulikuwa baridi mahali ambapo upepo haujawahi kunifika.

Walipotuita, Bulubu wote wakaanza ule wimbo. Amani, amani, mtoto wa kwaya. Mamia ya watu, na ngoma zao. Nikasimama kwenye mstari wetu nisiweze kuinua mguu. Kila msichana anaingia uwanjani akicheza wimbo wake, ule uliotungwa na wenzake. Mimi Katama hawakunitungia wimbo. Nani angetunga? Nilikuwa nashika nguo.

Nikafanya ishara ya msalaba. Kubwa, hadi mabegani, mbele ya Mfalme, mbele ya Bulubu, mbele ya Dada Klotilda, niliyemwona amesimama kando ya kibanda cha juisi akiwa na mwavuli.   Halafu nikaingia nikicheza ule wimbo wa Bulubu, kwa kuwa ndio pekee uliokuwa na mimi ndani yake. Sijui kucheza. Nilikanyaga tu, kushoto na kulia, kwa kufuata ngoma yao. Wakaimba kwa nguvu zaidi, kisha Katama nao wakaudaka, wakaongeza kibwagizo: "Sabina kamshika, mshikeni nyie!" Kicheko kilikuwa kilekile cha Agosti. Sikusikia maumivu. Nilikuwa na shughuli.

Jermena alinisubiri katikati. "Umekuja," akasema.

"Nilishika mkono wako."

"Nilidhani mama yako ataleta kuku."

"Alimkamata."

Akacheka, na kabla hajamaliza kucheka tulikuwa tumeshikana.

Ana nguvu. Niandike hivyo kwanza. Ni kama kukumbatia mchikichi wakati wa dhoruba. Alinivuta, nikafuata badala ya kupinga, kama Ernestina alivyonifundisha, tukatoka nje ya mstari wa uwanja. Waamuzi wakaturudisha. Mara ya pili nikamwahi mguu, nikasikia Katama wanapiga ukelele, akajinasua. Manyunyu yakaanza. Mchanga ukawa mzito. Tulikaa tumeshikana, kichwa cha kila mmoja begani kwa mwenzake, hata sijui kwa muda gani, napumua jasho lake, na katika muda huo wote nilikuwa sijui watu wako wapi. Nataka nilikumbuke hili kuliko yote. Sikuwapuuza watu. Walikuwa hawapo. Kulikuwa na miguu minne, mchanga, mvua, na mimi nikisema ndani kwa ndani, Bwana, chini zaidi, chini zaidi.

Kisha akanipata. Nilikwenda juu, nikaona mawingu, nikatua mgongo mzima. Bulubu wakalipuka.

Jermena alininyanyua, akanizungusha uwanja akinishika kiuno, ndivyo inavyofanywa. Aliniambia sikioni, kwa sababu ya kelele, "Wewe mzito kuliko unavyoonekana. Mabega unayabeba juu mno, lakini." Nikasema asante. Nilisema asante kwa mtu aliyenibwaga! Nikafika kwa wenzangu, Bibi alikuwa analia na kutukana kwa pamoja.

Goti limevimba. Nimekula sahani mbili.

Jumapili, 21 Septemba

Njia ya Bulubu leo. Kisimani walikuwepo watano, wanasukana. Wakanitazama. Mmoja akasema, "Amani!" Nikajibu, "Amani," nikapita nikichechemea. Njia ni fupi kweli. Nilifika kanisani mapema mno, nikawa sina la kufanya.

Benchi la nyuma. Nyimbo za leo nilizijua zote. Wimbo wa matoleo una sauti ya pili ambayo kwaya yetu huipoteza kila mara. Nikaiimba kutoka nyuma, kwa sauti kamili. Watu wa mbele wawili watatu waligeuka. Dada Klotilda aligeuka. Niliendelea hadi mwisho wa ubeti, na mwingine, na yule mzee anayekoroma akaamka.

Nje ya kanisa mama wawili walikuwa wakizungumza bila kujua nipo nyuma yao. Mmoja alisema, ona, Mungu amemwangusha ajifunze, msichana wa kwaya kuvaa vile. Na nyumbani Katama nimekuta shangazi anamwambia Mama, si angekunywa kule msituni kama wenzake, sasa ona.

Nimeketi kibarazani, goti kwenye maji ya chumvi, nikayapima maneno yote mawili. Wiki sita zilizopita lolote kati ya hayo lingenilaza siku tatu. Leo nilijikuta nataka kuwaita wote wawili waketi pamoja wakubaliane, maana hawawezi kuwa sahihi wote. Nilianguka kwa sababu Jermena aliuwahi mguu wangu wa kushoto. Niliusahau nyuma. Nilikuwa nimeuweka wima kama mlingoti, na yeye aliuona.

Ernestina anasema wiki ya mwisho kabla ya shule kuna mieleka ya kawaida hapa Katama, na Jermena amekwisha kuuliza kama nitakuwepo. Nimemwambia ampelekee jibu kwamba nitakuwepo. Nimemwambia pia kwamba nyuma ya ghala ni padogo, na kuanzia kesho jioni tutafanyia mazoezi uwanjani, barabara ikiwa inapita hapo hapo.

"Watu watakuona," akasema.

"Mguu wa kushoto," nikamwambia. "Tuanze na huo."